Mtandao wa Hemani

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, vijana wa viti walikuwa wameshafika safu ya nane. Hao jamaa hawana mchezo: kiti juu ya kiti, kumi kumi, halafu begani mpaka kwenye lori. Wahitimu walikwishaondoka na majoho yao, mashada ya karatasi za kumetameta yakiwaning'inia shingoni, wazazi nyuma wamebeba mikoba na maua. Kwenye nyasi zilibaki chupa za maji na kadi za pongezi, zile ambazo mtu huzinunua langoni kwa pupa kisha akazisahau kitini.

Katikati ya hema bado kulikuwa na watu kama arobaini wameketi.

Nilidhani ni wageni wanaongoja basi la kurudi Kisii au Machakos. Nilipowakaribia nikaona laptopu mapajani, simu zimeegemezwa kwenye migongo ya viti vya mbele, na kimya kile cha watu wenye kazi. Walikuwa wanafunzi wetu. Wale wa mwaka wa kwanza na wa pili, ambao mahafali hayakuwahusu, na ambao mchana kutwa walinzi walikuwa wakiwarudisha kwa kukosa kadi ya mwaliko. Walisikia kwamba hemani kuna mtandao. Wakangoja sherehe iishe, wakaingia.

Kijana mmoja wa viti alisimama mbele ya msichana aliyevaa sweta ya kijani. "Sista, nyanyuka kidogo nichukue kiti." Akanyanyuka bila kuondoa macho kwenye skrini. Kiti kikaenda. Akaketi kwenye nyasi.

Mimi, fundi wa mtandao wa chuo, nilikuwa nimekuja kuzima jenereta.

"Boss, unazima?" akaniuliza yule msichana. "Tupe dakika kumi tu. Iko sitini na moja."

Nikainama nikaona. Alikuwa anapakia video ya kazi yake ya darasa kwenye mfumo wa chuo, na mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa sita usiku. Mstari wa buluu ulikuwa kwenye asilimia 61. Nikaenda kutazama tangi, nikarudi nikamwambia mafuta yapo, aendelee.

Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, wala hakuwa analalamika: "Kwani leo maktaba imekuwa na shida gani? Toka asubuhi haifungui hata imeili."

Nikamjibu, "Tutaangalia."

Hii ni wiki ya sita. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hakukuwa na kitu cha kuangalia. Nilijua vizuri maktaba ilikuwa na shida gani, kwa sababu shida yenyewe niliiandika mimi, kwa vidole vyangu, alfajiri ya siku ile.

Fomu ya Jumanne

Ombi lilitufikia Jumanne alasiri. Mahafali yalikuwa Ijumaa.

Fomu yetu ya mitandao ya muda ni ukurasa mmoja. Tukio: mahafali. Mahali: uwanja wa mpira, kampasi ya pembeni. Mahitaji: waifai kwa wageni wote, na matangazo ya moja kwa moja. Idadi ya watu: "wengi".

Sikucheka. Nimewahi kupokea iliyojazwa "kama kawaida", na tukio lenyewe lilikuwa linafanyika kwa mara ya kwanza.

Kampasi hiyo ni Nairobi, lakini Nairobi ile ambayo ng'ombe wanavuka barabara na magari yanangoja. Ukitoka mjini unapanda matatu mbili na kumalizia na boda. Kuna madarasa, ofisi chache, hosteli mbili, maktaba, na uwanja ambao karibu mwaka mzima ni wa mpira na mbuzi wa jirani. Faiba inaishia maktaba. Megabiti 300 kwa sekunde: hiyo ndiyo riziki ya kampasi nzima, kuanzia karani wa ada hadi mtoto wa watu aliyeko chumbani anatazama mechi.

Kabla ya 2020 mahafali yalihitaji vipaza sauti, hema na vyoo. Machi mwaka huo shule na vyuo vikafungwa, mahafali yakahamia kwenye skrini, na shangazi aliyeko Doha pamoja na kaka aliyeko Minnesota wakaonja utamu wa kumwona mtoto akiitwa jina lake saa ileile. Milango ilipofunguliwa watu walirudi uwanjani, ila kamera hazikuondoka. Siku hizi matangazo yakikwama sekunde kumi, simu ya bosi inalia kabla mimi sijajua.

Kwenye kikao bosi alisema jambo moja tu: "Mtandao usikatike mbele ya wakuu."

Mwenzetu wa uhasibu, mtu mwema, akauliza kwa nini tusilete Starlink, ule mtandao wa setilaiti, tuweke kile kisahani uwanjani yaishe. Nikamweleza. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na kwa mahali pasipo na waya ni mkombozi. Lakini 2024 haikuisha kabla haijalazimika kusimamisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, kwa sababu nafasi ilijaa. "Hata huko angani watu wanagawana," nikasema, kwa majivuno ya mtu anayejua mambo.

Nililisema mimi mwenyewe, na sikulisikia.

Tumbo la mawimbi

Kebo ya shaba ya mtandao ina ukomo wake, mita 100. Kutoka maktaba hadi uwanjani ni kama mita 400, na katikati kuna barabara ya lami. Kwa siku tatu hakuna mtu wa kukuruhusu kuichimba. Basi tukaweka redio mbili, moja kwenye paa la maktaba na nyingine kwenye mlingoti kando ya uwanja, zitazamane.

Huko kutazamana ndiko kwenye kazi. Wengi hudhani ukiiona antena ya ng'ambo kwa macho umemaliza. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanatoka membamba, yanavimba katikati kama tumbo la samaki, halafu yanakonda tena yakifika. Kwa umbali ule, na masafa ya gigahezi 5.8, tumbo hilo huvimba zaidi ya mita mbili kila upande wa mstari wa macho. Kitu kikiingia humo, hata kama mstari wenyewe hakijaugusa, mawasiliano yanadhoofika.

Jumatano tulipima, mambo safi. Mikaratusi ilikuwa pembeni kabisa. Mwenzangu alikuwa amepitia Luthuli Avenue asubuhi kutafuta viunganishi na roli ya kebo ya nje, akarudi na risiti na chapati nne. Tukala juu ya paa tukitazama vilima vya Ngong, tukajiona mafundi.

Alhamisi saa tano, kasi ikaanguka zaidi ya nusu.

Nikabadilisha chaneli. Nikabadilisha kebo. Nikamtukana aliyebuni viunganishi vya plastiki, popote alipo. Aliyetuokoa ni kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazi, wiki ya tatu tu tangu afike. Alishuka, akavuka barabara, akaenda kusimama katikati ya uwanja, kisha akanipigia: "Mkuu, hema limesimama."

Wenye hema walikuwa wameinua nguzo kuu. Kilele cha turubai kilikuwa kimejipenyeza kwenye tumbo la mawimbi yetu. Jumatano uwanja ulikuwa mtupu, nasi tukaupima ukiwa mtupu.

Tukaurefusha mlingoti mita tatu na kuufunga kwa kamba kwenye mwamba wa goli. Ulipendeza kama mganga aliyevaa tai, lakini ulifanya kazi.

Hema nalo lina mambo yake. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hunywa mawimbi ya waifai. Hema tupu ambalo simu yako inapata mishale yote ya mtandao si hema lile likiwa na watu elfu mbili wamesimama kumpigia vigelegele binti wa mama fulani. Kuna viwanja vikubwa vya michezo ambavyo huficha vifaa vya waifai chini ya viti makusudi, ili miili ya mashabiki izuie mawimbi yasisambae na kuvurugana. Sisi viti vyetu ni vya kukodi, haviwekwi kitu chini. Tukavitundika visahani vyetu tisa vya kurusha waifai kwenye nguzo, juu ya vichwa, na tukavipunguzia nguvu vyote. Mtu mgeni kwenye kazi hii angeviongeza.

Anwani za IP, zile namba ambazo kila simu hupewa ili itumie mtandao, safari hii nilizijali. Miaka miwili nyuma niliacha mtandao wa wageni na anwani 254 za kugawa, kila moja ikishikwa siku nzima hata mwenye simu akishaenda nyumbani. Kufikia saa nne asubuhi zilikuwa zimekwisha. Mishale imejaa, hakuna kinachofunguka, na watu wananionyesha simu zao kama mtoto anayeonyesha kidonda. Sasa naweka anwani zaidi ya 2,000 na kuzikodisha kwa saa moja moja.

Kuhusu stima sisemi mengi. Nilibandika karatasi kwenye ekstensheni yetu: USICHOMEKE KITU HAPA. Saa mbili asubuhi nilikuta birika la chai la wapishi, lile la lita ishirini, limechomekwa hapo. Karatasi imewekwa chini yake lisichafue meza.

Hodi

Kuna hadithi moja ninayoipenda katika historia ya kazi hii, na nilimsimulia yule kijana tukiwa kwenye ngazi.

Chuo Kikuu cha Hawaii kiko kwenye visiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Norman Abramson na wenzake walitaka kampasi za visiwa vingine ziweze kutumia kompyuta iliyoko Honolulu, bila kutegemea laini za simu. Mwaka 1971 wakawasha mtandao wa redio, wakauita ALOHAnet. Kwa hiyo kampasi ya mbali na mawimbi ya angani vimejuana zamani. Katika hema letu hatukubuni kitu.

Walichofanya ni rahisi mno. Wote wanatumia masafa mamoja. Ukiwa na la kusema, sema. Mkigongana na mwingine, nyamaza kidogo, muda wa kubahatisha, halafu rudia. Ni kama watu wanaoingia nyumba moja bila kubisha, wakikutana mlangoni kila mmoja anarudi nyuma. Hesabu ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo masafa hayawezi kubeba zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Baadaye Robert Metcalfe, akiwa Xerox mwaka 1973, alichukua wazo hilo na kuongeza adabu: sikiliza kwanza kama kuna anayesema. Waifai ya leo inaishi kwa adabu hiyo. Kila simu hemani hubisha hodi, ikangoja kimya, ndipo ikaingia.

Kijana akafikiri. "Kwa hiyo mtandao wote ni kuachiana nafasi."

Nikamwambia ndiyo. Nilifurahi kwamba ameelewa.

Kesho yake asubuhi alinitazama nikifanya kinyume chake.

200

Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Umande bado kwenye nyasi, mtu wa vipaza sauti anasema "moja mbili, moja mbili" kana kwamba hajui ya tatu. Nimefungua rauta kuu kwenye laptopu. Kuna sehemu ya kugawa ile riziki ya megabiti 300.

Nikaandika hema: 200. Wengine wote: 100.

Kuna namna mbili za kumpendelea mtu kwenye mtandao, na yeyote anayeishi ploti ya Nairobi yenye maji ya mgao atazielewa. Mgeni amekuja, maji ni tangi moja. Unaweza kusema akitaka kuchota apishwe, achote kwanza, na akishatosheka wengine waendelee. Au unaweza kumjazia mapipa yake mawili, ukayafunga kwa kufuli, na kuwaambia wapangaji wajisitiri kwa kilichobaki, hata kama mgeni hatanawa ila mikono.

Namna ya kwanza ndiyo ninayoifundisha. Kwenye rauta yetu ipo, naijua iliko.

Nikafunga kufuli.

Yule kijana alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Mkuu, hawa wa maktaba na hosteli, mia itawatosha?"

"Ni siku moja tu," nikamwambia.

Kimya cha Jumatatu

Mahafali yalikwenda vizuri, na matangazo hayakukwama hata mara moja. Bosi alinipiga begani mbele ya watu, jambo ambalo sikumbuki kama amewahi kulifanya. Jumatatu niliingia ofisini nikiwa na furaha, nikafungua grafu ili nikate picha ya kuweka kwenye ripoti.

Grafu ya hema ilikuwa kama vilima vya Ngong, inapanda inashuka. Kilele chake, wakati majina yanasomwa na kila mzazi ameinua simu, kilikuwa megabiti 64.

Niliwawekea 200. Walitumia 64, tena kwa dakika chache. Zilizobaki zilikaa kwenye pipa, kufuli juu, siku nzima, bila kumfaa mtu.

Grafu ya maktaba na hosteli haikuwa na kilele wala bonde. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni ilikuwa bapa kama meza, imegota kwenye 100. Anayezoea kusoma grafu hizi anajua maana ya ubapa huo. Ni foleni. Ni watu wamebanana mlangoni kutwa.

Nilikaa nayo muda mrefu. Kisha nikaanza kujitafutia sababu kwa nini hema halikutumia, kama vile sababu hizo zingenipunguzia kitu. Wageni wengi walikuja na bando zao na hawakuuliza neno la siri. Wazee waliokuwa safu za nyuma walikuja kumwona mjukuu, hawakuja kutafuta waifai. Picha zinapigwa mchana na kutumwa usiku mtu akiwa kitandani. Matangazo yenyewe, ambayo kwa ajili yake tulikosa usingizi, yanahitaji megabiti sita hivi za kupandisha. Mnara wa simu ndio uliolemewa: wapiga picha walizozana na wateja mchana kutwa, huyu anasema ametuma M-Pesa, yule anasema meseji haijaingia, na picha inayobishaniwa imeshikwa na watu wawili kwa pembe. Huo ndio msongamano niliopaswa kuujua. Mimi nilikuwa nimejenga ngome upande ambao adui hakupitia.

Ripoti niliyoiandika ilikuwa na picha moja tu ya grafu. Msomaji anaweza kukisia ipi.

Hilo nalo linanisumbua, labda kuliko namba yenyewe. Namba niliandika alfajiri, nikiwa na hofu na usingizi. Picha niliichagua mchana kweupe, nimeshakunywa chai.

Alhamisi nikamweleza bosi. Akanisikiliza, maana si mtu mbaya. Kisha akauliza, "Kuna aliyelalamika?"

Nikaangalia. Hakuna aliyelalamika. Malalamiko kwetu hupelekwa kwa fomu iliyoko mtandaoni.

Nguo ya kuazima

Kuna usiku nilijiambia kwamba nakuza jambo. Siku moja ya mtandao wa polepole haijaua mtu. Wanafunzi wana simu, wana bando, wanajua kujipanga kuliko sisi. Na mzazi aliyeuza ng'ombe wawili ili kijana avae joho, je, hana haki ya siku moja ya kila kitu kizuri tulicho nacho? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuna raha ya kweli katika kumpokea mgeni kwa heshima, na sitaki kuandika kana kwamba ile raha ni dhambi.

Ila methali inasema mwenyeji apone. Mgeni akija, kuku anachinjwa na watoto wa nyumba hiyo nao wanaonja mchuzi. Sisi tulichinja kuku, tukawafungia watoto nje, na mgeni akala paja moja tu.

Jambo lingine lilinijia polepole zaidi. Vile visahani tisa havikutoka dukani. Vitano nilivishusha kutoka kumbi za mihadhara za kampasi kuu Jumatano usiku, nikavirudisha Jumapili. Redio moja tuliiazima kwa wenzetu wa ghala. Sijui kama kuna darasa lililokwama Alhamisi kwa ajili hiyo, kwa sababu sikuuliza, na hakuna aliyeniuliza kama nimeuliza. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijawahi kujenga mtandao wa muda ambao haukuvuliwa kutoka mwilini mwa mtu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wanaosema hivyo humwangalia aliyeivaa. Mwenye nguo yuko nyumbani, uchi, anangoja irudi.

Na wiki ile haikuwa wiki ya kawaida. Ilikuwa wiki ya majaribio na ya kuwasilisha kazi kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Kalenda ilikuwa kwenye tovuti ya chuo. Mimi ndiye ninayehakikisha tovuti hiyo iko hewani.

Swali ambalo watu wengi wangeuliza ni kwa nini tusiuache ule mtandao wa hemani pale pale, wanafunzi wafaidi. Nimelizungusha sana. Jibu la kweli halipendezi. Mtandao ule ulikwenda vizuri kwa sababu watu watano tuliulinda siku tatu mfululizo, tukilala kwenye gari, tukimwaga petroli kwenye jenereta na kuwafukuza wapishi. Ungeuacha pale bila sisi, kufikia Jumatano birika lingekuwa limeuangusha. Sikuhitaji kuuacha. Ambacho ningeweza kukiacha bila gharama yoyote, bila mlingoti wala mafuta, ni zile megabiti 136 ambazo hakuna aliyezigusa.

Msimamizi wa maktaba

Wiki ya tatu nilirudi kampasi kushusha redio iliyobaki paani. Ngazi ya kwenda paani inapitia ndani ya maktaba. Nilipita katikati ya meza taratibu kuliko ilivyohitajika, nikitafuta sweta ya kijani, halafu nikajicheka. Joto lilikuwa limerudi, nani avae sweta.

Ile video yake iliingia, nilisahau kusema. Aliinua mkono juu bila kunitazama, akasema "imeingia", akafunga laptopu akaenda zake. Wenzake thelathini na kitu walibaki hadi mafuta yalipoisha yenyewe, saa moja na robo. Sikuzima. Hicho ndicho kitu pekee cha siku ile ambacho sikijutii, na hata hicho kilikuwa cha kujiliwaza.

Msimamizi wa maktaba ni mama wa makamo ambaye tumesalimiana kwa miaka bila kuzungumza. Nikamwamkia, nikakaa kiti cha mbele ya meza yake, nikamweleza yote. 200, 100, 64. Nikamwonyesha na grafu ile nyingine, ambayo haikuwa kwenye ripoti.

Aliitazama kwa muda, miwani puani.

"Nilijua ni nyinyi," akasema. "Saa tatu tu nilijua. Ila nikawaambia watoto, hao wa mtandao wakishajua watatuambia."

Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Kisanduku

Mambo mawili nimeyafanya. Kwanza, nimeondoa ile kufuli kwenye rauta na kuweka utaratibu wa kupishana: hema likihitaji linapewa kwanza, lisipohitaji fungu lake linarudi kwa wengine papo hapo. Nilipima muda nikiwa naifanya. Dakika ishirini, pamoja na kujaribu.

Dakika ishirini ndizo nilizoshindwa kuzipata kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, lakini kukaza mlingoti kwenye goli nilipata.

La pili ni ile fomu. Nikaongeza kisanduku kimoja chini ya "Idadi ya watu". Nikaandika: "Nani atakosa ili hawa wapate?" Bosi akairudisha na mstari mwekundu, akasema lugha hiyo itawafanya watu wajione wezi. Tukabishana kidogo, kwa heshima. Iliyopita ni hii: "Athari kwa watumiaji wengine wa kampasi." Haina meno, lakini iko. Yule kijana alisoma ya kwanza na ya pili, akasema ya kwanza ilikuwa Kiswahili.

Jana imeingia fomu ya kwanza yenye kisanduku hicho. Siku ya wazi kwa wanafunzi wa sekondari, kampasi ileile, uwanja uleule, wiki mbili zijazo. Idadi ya watu wameandika kwa tarakimu safari hii, nikashukuru. Nikateremsha macho hadi kisanduku kipya.

"Hakuna."

Nikachukua simu. Kabla ya kumpigia aliyeijaza, nikapiga maktaba.